Tulitolewa Mtamba Ili Tunyamaze

Nisiwafiche: kuna watu Siongiroi ambao mpaka leo wakiniona sokoni wanaziba masikio kwa vidole halafu wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu nitafanya nini, nikimbie? Mtu mzima, ndevu ziko, gitaa liko mgongoni, napita zangu karibu na duka la mbolea, na mama anayeuza nyanya anapaza sauti, "Kibet, leo kunyamaza ni bei gani?" na nusu ya soko inageuka kuniangalia. Nimezoea. Yaani najidanganya kwamba nimezoea. Aibu hiyo ndiyo nataka kuwaambia ilitoka wapi, na mkitaka kucheka chekeni mapema, kwa sababu huko mbele sidhani mtaweza.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa aina gani. Mimi ni mpiga gitaa, lakini sio gitaa la kanisani (ingawa ni huko nilijifunzia), sio gitaa la nyimbo za nyumbani ambazo mjomba wangu anapiga kwenye harusi na wazee wanainuka mabega yakitetemeka, na wala sio la kantri, ile ya wachunga ng'ombe wa Marekani, ambayo baba yangu akianza kuisikiliza Jumapili jioni usimsemeshe mpaka Jumatatu. Mimi napiga indie rock. Sawa, kunjeni uso. Mamangu pia alikunja, akauliza kama huo ni ugonjwa ama ni dini.

Muziki huo niliusikia mara ya kwanza nikiwa chuoni, kwenye flashi ya kijana tuliyelala naye chumba kimoja, na nilidhani spika zake zimeharibika. Gitaa lilisikika kama limefungiwa kwenye pipa, ngoma kama mtu anahamisha viti, na mwimbaji ananong'ona kama amegombana na mtu na hataki majirani wasikie, halafu katikati ya wimbo, bila taarifa, kila kitu kinapasuka na kuwa kelele, kisha kinarudi kimya tena kama hakuna kilichotokea. Nikasema huu ni upuuzi, nikauweka tena, nikauweka tena, na wiki hiyo sikusikiliza kitu kingine. Baadaye nikaanza kusoma ulitoka wapi. Ulianzishwa na vijana wa miji ya baridi na mvua huko Uingereza, miji ambayo viwanda vyake vilikuwa vinafungwa, na wengine Marekani kwenye vimiji vidogo vyenye chuo kimoja na duka moja la santuri, vijana ambao kampuni kubwa za muziki ziliwaangalia zikaona hawauziki. Basi wakasema sawa, tutajirekodi wenyewe. Wakajirekodi vyumbani kwa mashine za kaseti, wakachanga wakatoa santuri chache, majalada wakakunja kwa mikono yao mezani, wakaziuza mlangoni wakimaliza kupiga ama wakazituma kwa posta, na kwa vile redio kubwa hazikuwataka, nyimbo zao zilikuwa zinachezwa na redio za wanafunzi, usiku usiku, mtangazaji mwenyewe hajui kama kuna anayesikiliza. Jina hilo la indie halikuanza kama jina la sauti. Lilikuwa linasema tu kwamba hakuna tajiri aliyetia mkono. (Kisha matajiri wakarudi na vitabu vya hundi, kama kawaida yao, wakawanunua wengi, na sasa ukisema indie mtu anafikiria suruali za kubana na nywele za kuanguka machoni.)

Sasa mtu aliyekulia Kericho, mahali mvua inashuka karibu kila siku saa tisa na kila kilima unachokiona ni chai ya mtu mwingine, atakosaje kuuelewa muziki kama huo? Ndivyo nilivyomwambia Moraa siku nilipomkuta nyuma ya kwaya, kanisa moja la mjini, akipiga besi kwa hasira kama anakanda unga wa chapati. Akaniambia anaujua, anausikiliza kwa simu, asubuhi yote akipasi nguo za watu kwa dobi. Tukamwongeza Cheruiyot, fundi wa bodaboda, ambaye ngoma yake kubwa ilikuwa pipa la mafuta lililokatwa, na bendi ikawa hiyo, tukaiita Mvua ya Saa Tisa, tukawa tunafanyia mazoezi kwenye stoo ya nyasi za ng'ombe ya mjomba wake Cheruiyot na tunarekodi kwa simu iliyofunikwa blanketi. Moraa ndiye aliyekuwa anaandika nyimbo. Sheria pia aliweka yeye: hatupigi kwa mwanasiasa, hatupigi kwa kampuni, na hakuna mtu wa nje wa kutuambia wimbo uanze wapi na uishie wapi. Watu waliokuja kutusikiliza walikuwa wachache mno na nina hakika nusu yao walikuwa wanajikinga mvua, lakini tulikuwa na furaha. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu sijawahi kuwa nayo tena.

Mamake Moraa, tuliyekuwa tunamwita Mama Kwamboka, alichuma chai tangu Moraa hajazaliwa. Walikuja kutoka Kisii, wakapewa chumba kwenye laini za wafanyakazi wa shamba, akalelea watoto humo, na siku mashine za kuchuma zilipoletwa, mashine moja ikafanya kazi ya akina mama wengi, wakaambiwa asante na wahame vyumba. Akamfuata dadake aliyekuwa ameolewa Siongiroi, ambako ndiko kwetu kwa asili, akaanza kuuza chai na mandazi kwenye mnada wa mifugo. Na nyinyi mnajua watu wa mifugo. Mtu akikupikia chai nzuri saa kumi na mbili asubuhi, kwenye matope, umeshika kamba ya ndama, huyo si mgeni tena. Walimpenda.

Wimbo wenyewe uliotuharibia siku ulikuwa wake. Moraa aliuandika, ukaitwa "Kikapu", na ulijengwa vile nyimbo za indie zinavyopenda kujengwa, kimya, kelele, kimya. Mwanzo taratibu, besi na sauti yake tu, "Mama aliondoka na umande, mama akarudi na umande," mgongo na kikapu, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Kisha katikati inaingia kelele ndefu, gitaa langu na pipa la Cheruiyot, na hiyo ndiyo mashine. Kisha mashine inakatika ghafla na Moraa anaimba ubeti wa mwisho karibu bila ala, na ubeti huo ndio wimbo. Humo ndimo anapomtaja mamake kwa jina na kumwambia kile ambacho hakuwahi kumwambia uso kwa uso. Kabla ya kufika hapo hujasikia kitu, umesikia tu mashine.

Basi Mama Kwamboka akaugua. Uvimbe tumboni, daktari akasema utolewe haraka, na kanisa pamoja na wale watu wa mifugo wakapanga harambee Jumamosi, ili Jumatatu aingie hospitali. Moraa alinijia stoo siku mbili kabla, hakukaa, akasimama mlangoni.

"Kibe, nataka kupigia mathe 'Kikapu' hiyo Jumamosi. Wimbo mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho."

"Kwa harambee? Na wale wazee?"

"Sijali wazee. Akilala kwa ile meza asiamke, at least atakuwa ameusikia. Wewe ndio mtu wa huko, ongea na emsii."

Nikasema hiyo ni kazi ndogo, niachie. Kumbukeni neno hilo, niachie.

Kwa wale ambao hamjawahi kufika harambee za kwetu, ngoja niwaambie kitu. Pesa huwa haba, lakini mifugo na mazao yapo, kwa hiyo watu wanatoa vitu, na vitu vinapigwa mnada papo hapo. Na ili kuwe na uchangamfu kuna mchezo: mtu anaweza kutoa kitu ili fulani aimbe, au ili pasta acheze, au ili shemeji fulani akae chini anyamaze, na mwingine akitoa kikubwa zaidi amri inageuka. Kila mtu anaujua mchezo huo, nimeuona tangu nikiwa mtoto, nimeshawahi kuona mwalimu mkuu akilipiwa kuku avue koti. Kwa hiyo sina kisingizio.

Siku ikafika. Uwanja wa kanisa, mahema, viti vya plastiki, jenereta inanguruma nyuma ya choo, na emsii, yaani mshereheshaji, ni Bwana Maritim, dalali wa ng'ombe pale mnadani, mtu ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji maiki lakini anaipenda sana. Mama Kwamboka aliketishwa mbele kabisa, amefunga leso mpya, amekonda, anatabasamu kwa kila anayempa mkono. Sisi tukafunga vyombo vyetu pembeni. Nilikuwa nimenunua pedali mpya ya gitaa, ya mtumba, ile unaikanyaga mlio unakuwa mkubwa na kuanza kujizungusha wenyewe, na nilikuwa na hamu nayo kama mtoto na viatu vya Krismasi.

Bwana Maritim akatutambulisha, "Sasa kuna hawa watoto yetu, wanaimba ya wazungu, tuwavumilie kidogo," watu wakacheka, na kicheko hicho kilinichoma kuliko nilivyotaka. Nilipaswa kusalimia tu. Moraa alikuwa ameshashika besi, ameshavuta pumzi. Lakini mimi, kwa vile maiki iko mdomoni na naona wanatudharau, nikataka kuonyesha kwamba sisi hatujali, sisi ni watu huru, nikasema:

"Chamgei wazee wetu na akina mama! Wimbo huu ni wetu wenyewe. Mkiona unawasumbua, toeni kitu tunyamaze!"

Hema likapasuka kwa kicheko na nikajiona mjanja. Moraa akageukia mamake, akaanza.

Na wallahi mwanzo ulikuwa mzuri. Aliimba ule umande, akaimba kikapu, na nilimwona Mama Kwamboka akiacha kutabasamu kwa watu na kuinama mbele kusikiliza, kiganja nyuma ya sikio, kwa sababu spika za kanisa zilikuwa mbovu. Kisha ikafika sehemu ya mashine. Nikakanyaga pedali yangu.

Mlio uliotoka mimi mwenyewe uliniogopesha. Watoto walilala chini. Beberu aliyefungwa kwenye nguzo ya hema akavuta kamba na hema likainama upande mmoja, wazee wakashika kofia, na mimi, kama ilivyo desturi ya wapigaji wa muziki huu (wanasimama tu, wanaangalia viatu vyao, hawachezi, hawacheki na watu), nikainamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mama mmoja wa maombi, mnene, mwenye huruma, aliona kijana ameinama anatetemeka na sauti ya ajabu inatoka karibu naye, akaja mbio akaniwekea mkono kichwani akaanza kukemea pepo. Nikawa napiga gitaa huku nakemewa. Ndipo Mzee arap Chumo, mzee ambaye hasimami ovyo, akasimama na kuinua fimbo.

"Mimi natoa jogoo! Hii kitu iache!"

Filimbi ya emsii ikapulizwa. Bwana Maritim hakupoteza hata dakika. "Wananchi! Si mumesikia kijana mwenyewe? Amesema tutoe kitu wanyamaze! Mzee ametoa jogoo! Jogoo wa kwanza, jogoo wa pili..." na mimi nikaacha kupiga, kwa sababu ndio mchezo, na Cheruiyot akaacha, na besi ya Moraa ikabaki peke yake sekunde kidogo kisha nayo ikaisha. Jogoo akaletwa mzima, akafungwa mguu kwa kamba ya katani kwenye stendi ya maiki yangu.

"Nini hii umefanya?" Moraa akaniuliza, mdomo haufunguki.

"Ni mchezo tu. Ngoja, watatoa tuendelee."

Na kweli wakatoa. Kikundi cha akina mama wa sokoni, marafiki wa Mama Kwamboka, wakapiga vigelegele, "Gunia la mahindi, waendelee!" Moraa akageukia besi haraka, akaniambia, "Ruka kelele, twende mwisho moja kwa moja," lakini Bwana Maritim akasema hapana, gunia limetolewa kwa ajili ya kelele, waendelee pale pale pa kelele. Nilikuwa na nafasi ya kukataa hapo. Sheria yetu ilikuwa moja ya maana na ilikuwa inavunjwa mbele yangu na mtu mwenye filimbi. Nikakanyaga pedali.

Kutoka hapo mambo yalienda kama maji ya mteremko. Kondoo, waache. Ndizi mikungu mitatu, waendelee. Beberu yule yule aliyetaka kuangusha hema, waache. Mwalimu mmoja akatoa siku nzima ya kulimiwa kwa trekta lake, waendelee. Hakuna hata mmoja, nawaambia, wa kutaka tuache au wa kutaka tuendelee, aliyekuwa anasikiliza. Na sisi kila mara tunaanzia kwenye mashine na tunakatwa kwenye mashine. Moraa aliniambia mara mbili, "Toa mguu kwa pedali, Kibe, niachie nimalizie." Mara ya kwanza sikumsikia. Mara ya pili nilimsikia vizuri sana nikamjibu, "Moja tu tena, huoni watu wamechangamka?" na nilikuwa natabasamu, kwa sababu watu wote hao walikuwa wananiangalia mimi, miaka yote hiyo ya kupigia watu wanaojikinga mvua, na leo wazee wenyewe wamesimama juu ya viti.

Halafu jogoo akanilipa. Alikuwa amezunguka stendi mpaka kamba ikaisha, akawa hana pa kwenda ila juu ya pedali yangu, na huko juu akafanya kile jogoo aliyeogopa anafanya. Filimbi ikapulizwa ya kuacha, nikakanyaga ili nizime, kiatu kikateleza, pedali ikabonyea na kukwama na uchafu wote ule ndani, jogoo akanirukia kifuani na mabawa, nikaanguka kitako, gitaa juu yangu, na mlio haukomi! Nimeondoa mikono kwenye nyuzi na bado unalia. Nachomoa waya usiofaa, unalia zaidi. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya hema wakashika magoti. Simu zote juu. Yule mama wa maombi akarudi, safari hii na mwenzake. Na mimi niko chini na manyoya mdomoni, najaribu kusema "ni pedali, ni pedali tu," na maiki iliyoanguka karibu nami inatangaza maneno hayo uwanja mzima.

Ndipo akasimama mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe wa Mulot, mtu mkubwa, koti la ngozi, ambaye mpaka hapo hakuwa ametoa kitu. Akangoja watu watulie kidogo.

"Mimi natoa mtamba. Ako na mimba tayari. Lakini sitaki waache kidogo. Nataka waache kabisa. Zima hiyo jenereta."

Hakuna aliyekuwa na kitu cha kushinda mtamba mwenye mimba. Bwana Maritim mwenyewe alikaribia kulia. Jenereta ikazimwa, mlio ukafa, na kwa muda mfupi sana uwanja ukawa kimya, kimya kweli, kile kimya ambacho wimbo ulikuwa unakihitaji.

Na Moraa akaanza ubeti wa mwisho. Bila maiki, bila besi, amesimama pale pale, macho kwa mamake. Niliona mdomo wake ukifunguka na nikajua neno la kwanza ni lipi. Ila kilichosikika ni nusu ya mstari tu, kwa sababu mtamba ni mtamba, na akina mama wakainuka wote kwa pamoja na vigelegele, na wazee wakaanza wimbo wao wa kushukuru, na mtu akapiga pipa la Cheruiyot kwa fimbo. Moraa hakuacha. Aliuimba wote ule ubeti, nilifuata midomo yake, na mamake akawa anaweka kiganja nyuma ya sikio na kutikisa kichwa, na kumwonyesha kwa mkono kwamba hasikii, hasikii.

Mnajua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeinuliwa begani. Wazee walileta sinendet, yale majani ya kutambaa ambayo kwetu anavishwa mtu aliyeleta heshima, mtu aliyeshinda mbio au aliyemaliza shule, wakanizungushia shingoni mimi, na kinyesi cha jogoo kwenye goti, wakinishukuru, "Kongoi, kijana, kongoi!" na nikatabasamu kwa picha. Hiyo picha ipo. Nyuma yangu, pembeni, unaweza kumwona Moraa anafunga mdomo.

Mama Kwamboka akapewa nafasi ya kushukuru. Akawashukuru wote mmoja mmoja, hata mtu wa jenereta, kisha akasema, kwa ile sauti yake ya pole, "Na watoto wangu hawa nawashukuru kwa hiyo kelele. Mimi sielewi muziki, lakini kelele yenu Mungu ameitumia." Watu wakapiga makofi. Moraa naye akapiga makofi, polepole.

Jumatatu akaingia hospitali na akatoka salama. Niseme nini? Uvimbe ulitolewa, yuko mzima, anauza chai yake, na kila nikijaribu kueleza kinachonisumbua mtu ananiuliza, "Sasa si mlisaidia? Mlitaka nini tena?" Hata baba yangu, ambaye hajawahi kusifu gitaa langu, alisema kwa mara ya kwanza ameona faida yake. Nilikuwa na hasira naye siku nzima.

Stoo ya nyasi tulirudi mara moja tu. Nilienda nikiwa na habari ambayo nilidhani itatuchekesha: Bwana Maritim alikuwa amenipigia simu, kuna harambee ya bweni Mulot, wanataka ile bendi ya kunyamazishwa, watatuwekea viti vya mbele na nyama. Cheruiyot akacheka. Moraa alikuwa anakunja waya, akaukunja mpaka mwisho, akaufunga na raba.

"Si uende," akaniambia. "Wewe sasa uko na soko."

"Moraa, wacha hivyo. Nilikuwa nacheza tu."

"Najua ulikuwa unacheza. Kila mtu alikuwa anacheza. Mimi peke yangu ndio nilikuwa naimba."

Akachukua besi yake. Sasa anapigia kwaya tena, Jumapili, kinanda mbele yake na maneno yanaonyeshwa ukutani, na nasikia anapiga vizuri, taratibu, bila hasira yoyote.

Mwezi uliopita nilikuwa Siongiroi siku ya mnada nikapita kwa Mama Kwamboka, siwezi kupita bila kumsalimia, na bahati mbaya nikamkuta Moraa amekuja kumsaidia, mikono kwenye unga. Akanisalimia vizuri. Nikapewa chai. Kulikuwa na utulivu, ng'ombe wengi walikuwa wameshanunuliwa, na mama akakaa juu ya kreti akajipangusa uso na leso, akasema, kama mtu aliyekuwa analifikiria jambo kwa muda:

"Moraa, ule wimbo wenu, mbele ya kelele kulikuwa na mahali unataja kikapu. Nilipenda hapo. Uliishaje?"

Moraa aliendelea kukanda.

"Uliishia tu hapo, mama."

"Hapana. Nilikuona unaimba, watu wakipiga vigelegele. Niimbie sasa, hakuna mtu."

"Siwezi," Moraa akasema. Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Watu walitoa ng'ombe ili ninyamaze, na hiyo ng'ombe ndio imekutibu. Sasa nikiimba nitakuwa mtu wa aina gani?"

Mama akadhani ni utani, akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka, akanigeukia mimi. "Kibet, mwanangu, wewe ulikuwa unapiga naye. Si unaujua mwisho wake?"

Ninaujua. Kila neno, nimelala nao. Nikaangalia mikono ya Moraa, ilikuwa imesimama kwenye unga, inangoja kusikia nitajibu nini, na nikasema sijui, mama, nimesahau. Mikono ikaanza kukanda tena.

Basi mzaha wa kwenye maiki nimeuacha, kabisa, hata nikiambiwa nitambulishe watu kwenye harusi natoa salamu na kushuka. Mama wa watu yuko hai na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini yule mama ameandikiwa wimbo na mtoto wake, na mpaka leo anachojua kuuhusu ni kelele yangu.